Rovu la Samaki

Mwaka niliokatwa rovu, mji wetu ulikuwa umefurika. Kila meli iliyotia nanga Kigoma ilishusha watu wa Burundi, mizigo vichwani na watoto mgongoni, na mwaloni Ujiji boti za kutoka Kongo zilikuwa zikifika na magodoro, kuku na vyerehani. Malori yaliwachukua wakimbizi kuwapeleka kambini, lakini si wote. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikuwa na mtu anayelala sebuleni ambaye mwaka uliotangulia hakuna aliyemjua. Kwetu hakukuwa na mgeni bado. Wetu nilikuja naye mimi mwenyewe kutoka hospitali, nikiwa sina hata sauti ya kumkaribisha.

Mimi ni Muha wa Kasulu niliyeolewa Ujiji. Kule kwetu milimani rovu halimshangazi mtu. Bibi yangu alizikwa nalo, na shangazi yangu alilivalia shanga kana kwamba ni sehemu ya urembo wake. Langu lilianza nikiwa chuo cha ualimu, dogo kama ndimu. Nilipopata mtoto wa pili lilikuwa limefika ukubwa wa embe, nami nilikuwa nafundisha darasa la pili nikiwa nimelifunika kwa mtandio. Watoto wa darasa la pili hawajui kuficha jambo. Waliniuliza nimemeza nini, na mmoja akanishauri ninywe maji mengi ili kishuke. Nilicheka nao. Lakini lilipoanza kunibana pumzi kila nikilala chali, mume wangu akasema imetosha. Aliwapeleka watoto wetu wawili Kasulu kwa mama yangu, akaomba ruhusa kazini kwake reli, ambako alikuwa karani, akanipeleka hospitali ya mjini.

Nilizinduka nikiwa na bandeji shingo nzima na mrija mwembamba ukichuruzisha damu kwenye kichupa. Nilitaka kuomba maji, ikatoka pumzi tupu. Daktari alikuja baadaye akanieleza kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita nyuma ya rovu, na langu lilikuwa limeukumbatia. Ameuacha mzima, alisema, ila umechoka. Sauti ingeweza kurudi baada ya wiki kadhaa, au baada ya miezi. Mpaka hapo nisijaribu kuongea, na kunong'ona ndiyo kabisa nisithubutu, maana kunong'ona kunachosha koo zaidi. Nikamwandikia kwenye karatasi: je, isiporudi? Akasoma, akasema tusubiri kwanza.

Kwenye kitanda cha pili alilala mama wa Kirundi wa umri wa mama yangu, mwembamba, mwenye mashavu yaliyobonyea. Alikuwa ameletwa kutoka kambini kutolewa uvimbe tumboni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini Kirundi na Kiha ni ndugu, kwa hiyo alichosema nilikielewa hata kama sikuweza kumjibu. Siku ile ya kwanza aliniona nikimpungia mkono muuguzi aliyekuwa ametugeuzia mgongo. Akainua kichwa kidogo, akaita kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwenye mwili ule: "Muganga! Huyu ana shida!"

Tangu hapo akalifanya hilo kuwa kazi yake. Nikigonga chuma cha kitanda, alijua nataka maji. Nikishika paji la uso, alitangaza kwamba kichwa kinaniuma, na wodi nzima ikajua. Wauguzi wakawa wanamtania kwamba yeye ni msemaji wa mwalimu, wakija kunihudumia wanamuuliza yeye kwanza nimeamkaje.

Tuliruhusiwa sote wawili siku ileile. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya kambini, lori la kuwarudisha wagonjwa halikuja, na vitanda vilihitajiwa na wengine. Nilimkuta amekaa barazani na kifurushi chake, mkono mmoja tumboni. Mume wangu alikuwa tayari ameleta teksi. Nilimvuta shati, nikamwonyesha yule mama kwa kidevu, kisha nikajigusa kifuani. Mume wangu si mtu wa kuelezwa mara mbili. Alimwendea, akamwamkia shikamoo, akamwambia kwetu kuna chumba cha watoto kiko wazi, na barabara ikifunguka atahakikisha amefika kambini. Mama yule akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Ego, mwana wanje," alisema, yaani ndiyo, mwanangu, akasimama polepole.

Mume wangu alitufikisha nyumbani, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumjulisha kwamba tuna mgeni. Sisi tukabaki sebuleni tukitazamana, wanawake wawili wenye nyuzi mwilini, wote tumekatazwa kuinua hata ndoo ya maji.

Mdogo wake mume wangu aliishi chumba cha uani. Alikuwa mzamiaji. Ziwa letu lina samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe, ambao hakuna mtu wa Ujiji anayehangaika kuwapika, lakini ng'ambo watu huwafuga majumbani ndani ya matangi ya kioo. Shemeji yangu alikuwa akiwavua kwa nyavu laini chini ya maji, kwa bwana mmoja aliyewasafirisha nje kwa ndege. Alikuwa shemeji wa kweli, wa utani asubuhi na jioni, na mimi nilipokuwa na sauti nilikuwa nikimlipa utani wake kwa riba. Sasa nilikuwa nagonga sinia kwa kijiko kila ninapotaka kitu, na yeye akalalamika kwamba nyumba imekuwa karakana ya mabati.

Siku moja akaja na mkokoteni. Juu yake alikuwa amefunga kwa magunia tangi la kioo la urefu wa mikono yangu miwili, lililotupwa kazini kwao kwa sababu limemeguka ukingo. Akaja pia na mchanga, mawe, pampu ndogo ya hewa, na mfuko wa plastiki wenye samaki watano waliokataliwa kusafirishwa kwa kuwa na kasoro. Mmoja alikuwa amechanika mkia, mwingine jicho moja limeingia ukungu. Alilipanga lote sebuleni juu ya meza nzito ya babu yao, nami nikimwonyesha kwa mkono jiwe hili sogeza, lile inua.

"Nimekuletea wenzio, shemeji," alisema. "Nao hawasemi."

Walikuwa samaki weusi, wapana kidogo, kichwa cha buluu kama wino, na kiunoni wamefungwa mshipi wa manjano mpauko. Walipotulia wakaanza kukwangua mawe kwa midomo yao kama mbuzi wanaolamba chumvi. Nilivuta kiti. Jioni hiyo nilisahau kugonga sinia.

Shemeji alitufundisha masharti. Chakula chao ni ule utando wa kijani unaoota juu ya mawe. Wasipewe ugali, wasipewe mkate, matumbo yao hayawezi. Maji yapunguzwe na kuongezwa mengine kutoka ziwani, ambayo yeye angeyaleta kwa madumu kwenye baiskeli. Pampu isizimike. Na kwa kuwa miaka ile umeme wetu ulikuwa wa jenereta na mgao, ukizimika tuchote maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena humo humo kutoka juu, yaingie hewa, mpaka umeme urudi.

Umeme ulizimika siku ya pili yake. Nikakaa kando ya tangi, nikichota na kumimina. Muuguzi alikuwa ameniambia nisiiache shingo ikakamaa, niwe naigeuza taratibu kulia na kushoto na kuinua mikono, na mimi nilikuwa naogopa kwa maumivu. Kwa kikombe kile niliinua mkono bila kufikiri. Mazoezi yangu ya kwanza niliyafanya kwa ajili ya samaki.

Mgeni wetu hakuyapenda mambo hayo. Alikaa sebuleni nasi, alishiriki kila kitu, lakini kiti chake alikigeuza kikalipa tangi mgongo. Nilidhani anaona ni kufuru watu kufuga samaki wakati wengine wana njaa, nami nisingeweza kumlaumu. Sikuwa na njia ya kumuuliza. Kwa mume wangu niliandika kwenye kibao cha shule, lakini mama yule hakujua kusoma, na mikono yangu haikutosha kwa swali la namna hiyo.

Akanijibu bila kuulizwa. Alasiri moja umeme ulikuwa umekatika kwa muda mrefu, shingo ikaanza kunivuta, nikaweka kikombe chini. Aliniangalia, akaja, akakichukua. Akaanza kuchota na kumimina, uso ameugeuzia ukuta. Huku akimimina akanisimulia jinsi alivyovuka. Alizaliwa ufukweni, mumewe alikuwa mvuvi mpaka alipofariki, lakini yeye hakujua kuogelea. Walipokimbia walipanda boti iliyojazwa kupita kiasi, usawa wa maji vidole viwili chini ya ukingo, na upepo ukaanza kabla hawajafika Kagunga, kijiji cha mpakani. Alikuwa amembeba mjukuu mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Watu walitapika, wengine walisali, na yeye alitazama maji tu. Walipofika Kagunga walikaa siku nyingi pale chini ya mlima, umati wa watu kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, wakisubiri meli. Alijiapia kwamba akitoka pale hatalitazama ziwa tena. Kambini alipoambiwa kwamba ziwa liko mbali, alishukuru.

Aliendelea kumimina. Baadaye akageuza uso, akalitazama tangi kwa mara ya kwanza. Samaki walikuwa wamejipanga juu, wakipokea maji yanayodondoka.

"Hili halina wimbi," alisema.

Kesho yake kiti chake kilikuwa kimegeuka.

Basi tukaingia katika siku ambazo mpaka leo nikizikumbuka nasikia raha. Mume wangu alikwenda kazini asubuhi. Mama alimaliza rozari yake chumbani, akatoka, tukanywa chai. Kisha tulitoka uani kwenye karai la maji tulilolianika juani, ambamo tulilaza mawe mpaka yaote ule utando wa kijani. Jiwe moja moja tuliruhusiwa kubeba. Tulitoa lililoliwa, tukaingiza lililoiva, naye alichagua kama anayechagua mihogo sokoni, akilinusa, akilirudisha, akichukua jingine. Mchana tulichambua mchele au matembele mbele ya tangi. Alinisimulia habari za wanawe wawili waliobaki na watoto kambini, za migomba aliyoiacha, za jirani yake wa kambini anayekoroma hadi hema linatikisika. Mimi nilisikiliza. Nilikuwa mtu wa kusema sana maisha yangu yote, kazini na nyumbani, na sidhani kama kabla ya hapo niliwahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

Samaki nao tuliwajua mmoja mmoja. Dume kubwa lilijitwalia jiwe la katikati na kuwafukuza wenzake kutwa, na mama akaliita Mgambo. Yule mwenye mkia uliochanika alikuwa mpole, akikaa nyuma ya jiwe la pembeni. Huyo ndiye niliyempenda.

Msiba wa kwanza aliuleta mume wangu kwa wema wake. Alikuwa na tabia ya kunywa chai amesimama mbele ya tangi, na siku moja aliona samaki wamemkodolea macho, akawaonea huruma, akawadondoshea vipande vya chapati. Siku chache baadaye yule mwenye jicho la ukungu alivimba tumbo, akaelea. Mume wangu alimzika chini ya mpapai, akaapa kutorudia.

Ndiyo maana nilishtuka sana nilipoona yule wa mkia uliochanika naye amevimba. Safari hii halikuwa tumbo. Ilikuwa chini ya kidevu, kooni. Asubuhi ya kwanza nilidhani ni mwanga. Kesho yake uvimbe ulikuwa pale pale, na samaki mwenyewe amejibanza nyuma ya jiwe lake, hali wala hakwangui, mdomo ukienda kama mtu anayetafuna kitu asichokimeza. Nilijikuta nimeshika bandeji yangu. Nilimvuta mama mkono, nikamwonyesha koo la samaki, nikamwonyesha langu.

Alikunja uso, akainama mpaka pua ikagusa kioo. Akasema labda amemeza kokoto.

Lakini mimi nilikwisha kuamua kwamba ni rovu. Hospitali walikuwa wameniambia kwamba rovu huletwa na upungufu wa madini joto mwilini, na mume wangu alikuwa amenunua pakiti ya chumvi yenye madini hayo, iliyokaa jikoni kama dawa. Shemeji, ambaye tungemuuliza, alikuwa amesafiri na boti ya kazini kwenda kuvua upande wa Kagunga. Nikaenda jikoni, nikarudi na pakiti. Nilikuwa tayari nimechota chumvi kwa vidole mama aliponikamata mkono.

"Oya! Hapana! Unafanya nini?"

Nikamweleza kwa mikono: koo la samaki, koo langu, chumvi. Ilibidi nirudie. Alipoelewa alianza kucheka, akajishika tumbo kwa ajili ya nyuzi, akaniomba kwa ishara nisimchekeshe, akacheka tena.

"Mwana wanje," alisema alipopata pumzi, "ukishatia chumvi, kinachobaki ni nyanya na kitunguu."

Nilicheka mimi pia, kicheko cha pumzi kisicho na sauti, mabega yakipanda na kushuka. Hata hivyo nilitia. Nilitia kidogo, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili, na yeye akanitazama kama mtu anayemwachia mtoto acheze. Samaki hawakuonyesha dalili ya kujua. Uvimbe haukupungua. Uliongezeka.

Katika siku hizo nilirudi hospitali kuangaliwa. Kidonda kilikuwa kizuri, daktari alikisifu. Aliniambia nitamke "aaa", nikatamka, haikutoka kitu. Akasema mshipa bado umelala, tuuache ulale. Alisema kwa upole, lakini nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Nilikaa mbele ya tangi nikimtazama mgonjwa mwenzangu nyuma ya jiwe lake, na machozi yakanitoka bila kelele, kama kila kitu changu wakati ule. Mama alikuja akakaa kando yangu.

"Mimi Kagunga sikusema neno," alisema. "Wanangu walidhani nimekuwa bubu. Nilifika kambini hivyo hivyo. Siku moja wajukuu wakamwaga unga, nikawagombeza. Nikajisikia nikigomba."

Alinipangusa uso kwa ncha ya khanga yake, akaenda kuangalia maharage.

Ilikuwa asubuhi, sikumbuki siku gani, jua likiingia dirishani na kufika mpaka chini kwenye mchanga wa tangi. Samaki wangu alikuwa ametoka nyuma ya jiwe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alisimama mahali pamoja, akitikisa mapezi. Kisha akafungua mdomo, na kitu kidogo cheusi kikatoka.

Nilidhani ametapika. Kile kitu kikasimama ndani ya maji, kikageuka. Kilikuwa na macho. Kilikuwa na mkia. Na mwili wake mweusi wote ulikuwa na madoa meupe, madoa madogo ya mviringo, kama manyoya ya kanga yule ndege wa porini. Mama yake hana hata doa moja. Kikatoka kingine, na kingine.

Sikuweza kuita. Nikapiga makofi, nikagonga meza, nikapiga makofi tena. Mama alikuwa uani kwenye karai, akaja mbio kadiri mtu mwenye kidonda tumboni anavyoweza, mikono ikidondosha maji, akidhani nimeanguka. Nikamwonyesha.

"Raba," alisema taratibu, yaani tazama. "Raba, raba."

Wakati huo huo Mgambo naye akawaona. Alitoka kwenye jiwe lake moja kwa moja kuelekea kwao. Nilifunga macho nusu. Lakini yule samaki mpole, ambaye tangu aje alikuwa akikimbia kivuli chake, alijitupa mbele, akafungua mdomo, na watoto wake wakarudi ndani mmoja baada ya mwingine, haraka kama vifaranga wanaoingia chini ya bawa. Akafunga. Koo likawa limevimba tena kama awali. Akarudi zake nyuma ya jiwe, na Mgambo akabaki anazunguka peke yake.

Mama alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa.

"Amewabeba kinywani," alisema. "Wote."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba yeye alikuwa na migongo miwili tu, wa nyuma na wa mbele, na wajukuu walikuwa watatu. Yule wa tatu, mkubwa wao, alimshika khanga njia nzima, na mara mbili mkono wake uliteleza. Alifika. Yuko kambini, anasoma. Lakini yeye bado alikuwa akihisi ile khanga ikivutwa. Nilikaa sakafuni pembeni yake, nikamshika mkono wenye maji ya karai, na tukakaa hivyo mpaka samaki akatoka tena na kuwatema watoto wake juani.

Tuliwahesabu siku nzima. Yeye aliona saba, mimi nilimwonyesha vidole vinane, na hatukupatana. Mume wangu aliporudi kazini alihesabu akapata sita, tukamdharau wote wawili. Jioni hiyo tulirundika mawe madogo kwenye pembe moja ya tangi ili watoto wapate mianya ambayo Mgambo hawezi kuingia.

Shemeji aliporudi kutoka safari alisikiliza habari yote akiwa bado ameshika begi lake. Habari ilipofika kwenye chumvi aliliweka begi chini, akaegemea ukuta. Akasema karibu nusu ya samaki wa mawe wanalea hivyo, mayai kinywani tangu siku ya kwanza, mama akikaa bila kula ila kidogo sana mpaka watoto waive, na kwamba hilo kila mzamiaji analijua. Mbona hakutuambia, niliandika kwenye kibao. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Kabla ya wiki kwisha habari ya mwalimu aliyemtibu samaki rovu ilikuwa imefika mwaloni, na kwa miaka mingi wazamiaji wakipita nyumbani walikuwa wananiuliza kama chumvi ipo.

Sauti yangu ilirudi bila kunitaarifu. Mwanamke aliyekuwa akituuzia mboga alipiga hodi kama kila asubuhi, na kama kila asubuhi nikafungua mdomo kwa mazoea. "Karibu," nikasema. Ilikuwa sauti nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mzee aliyeamka sasa hivi, lakini aliisikia nje, maana alisukuma mlango akaingia na kuuliza kuna mgeni gani wa kiume ndani. Mama alitoka chumbani na rozari mkononi. Nikamwambia shikamoo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwamkia kwa mdomo, baada ya kuishi naye nyumba moja muda wote ule. Akaitikia marahaba, akanisogelea, akaniambia niseme tena.

Barabara ilifunguka mvua zilipopungua, na siku ya lori ikajulikana. Tulimfungia mchele, sabuni na khanga mbili, na mume wangu akamsindikiza mpaka kwenye lori kama alivyoahidi. Asubuhi ile aliwaaga samaki pia. Aliinama mbele ya kioo, akasema maneno ya Kirundi ambayo sikuyasikia vizuri, akamgombeza Mgambo, akatoka.

Nilipokwenda Kasulu kuwachukua watoto wangu nilipita kambini kumwamkia. Njia zote zilifanana, mistari ya mahema ya plastiki na vibanda vya udongo, lakini niliulizia mama aliyekaa Ujiji na samaki, na mtu wa tatu akanipeleka mpaka mlangoni. Alinipokea kwa kelele nilizozizoea wodini. Wajukuu wake watatu walikuja wakasimama mbele yangu, wakinitazama shingo. Kovu langu wakati ule lilikuwa bado jekundu. Yule mdogo kabisa aliuliza jambo kwa Kirundi, na bibi yake akajaribu kumziba mdomo, lakini nilikuwa nimekwisha kuelewa. Aliuliza kama watoto wangu walitokea hapo.

Nikamwambia hapana, wangu walitoka njia ya kawaida. Tukacheka wote, na mtoto hakuridhika na jibu.

Nilirudi darasani muhula uliofuata. Sauti yangu imebaki ya chini, nyimbo za juu siziwezi tena, na darasa la pili lilijifunza kunyamaza ili kunisikia, jambo ambalo miaka ya nyuma sikulipata kwa kupaza sauti. Watoto wa samaki walipoteza madoa yao mmoja mmoja kadiri walivyokua, wakawa na vichwa vya buluu. Tuliishi na tangi miaka mingi, na wanangu walijifunza kuchota na kumimina kabla hawajajua kusoma saa.

Amani iliporudi, mama alirudi kwao na wanawe. Sikumwona tena. Lakini wanawake wafanyabiashara wanaovuka mpaka huleta salamu, na mwaka fulani mmoja wao alinishushia dumu la mawese, akasema limetoka kwa mama fulani wa ufukweni mwenye sauti kubwa, ambaye amejenga upya na anafuga mbuzi. Mawese yalikuwa mazito, mekundu, yenye harufu nzuri. Shemeji alikuwa ametoka mwaloni na samaki wabichi, migebuka. Tuliipika na mawese yale, ugali wa muhogo kando, tukala mpaka sinia likang'aa.